Daftari la Matanga na Ukurasa wa Shukrani

Huku Kisumu mtu akifariki, daftari hununuliwa kabla ya jeneza. Ni lile la kurasa 96, na karani wa kamati ya matanga hulipiga mistari kwa rula: jina, pesa, kitu. Aliyetoa shilingi 200 yumo. Aliyetuma 20,000 kwa M-Pesa kutoka Nairobi yumo. Aliyetoa sufuria tatu za kutumia na kurudisha, aliyeleta hema, mama aliyeteka maji siku mbili mfululizo, wote wamo. Usiku wa mwisho linasomwa kwa sauti mbele ya watu, na ole wake karani aliyesahau kuku wa mtu.

Makala za kitaaluma zinazoandikwa kuhusu kaunti zetu nazo zina daftari lao. Liko mwishoni, baada ya hitimisho na kabla ya marejeo, kwa herufi ndogo: shukrani, ufadhili, mgongano wa maslahi. Wasomaji wengi huliruka. Mimi kazi yangu ni kuhariri tasnifu na makala za watafiti wa hapa, na huanza kusoma huko. Kwa miaka niliyofanya hivyo nimeshawishika kwamba daftari la matanga huandikwa kwa uangalifu zaidi.

Mfadhili hutajwa kwa jina lake lote, na namba ya ruzuku hadi tarakimu ya mwisho, kwa sababu mkataba unadai na mhasibu wa ng'ambo atakagua. Namba ya kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, haikosewi, maana sheria ya 2013 inakitaka. Makala za watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, nyingi zimebeba ile sentensi ya miaka mingi, kwamba zimechapishwa kwa idhini ya mkurugenzi. Halafu inafuata sentensi ya namna hii: tunawashukuru wakazi wa Siaya kwa ushirikiano wao. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi wa Siaya 993,183. Shukrani iliyogawiwa watu wote hao haimfikii hata mmoja.

Kati ya mfadhili na hao watu laki tisa na ushei wapo wanaojulikana kwa majina. Kuna karani aliyetembea na tableti kutoka boma hadi boma, na mhudumu wa afya ya jamii aliyemtangulia ili mbwa na wenye mbwa watulie. Kuna dereva anayejua barabara ipi ya Nyando hufungika mvua ikinyesha, na mtu wa maabara aliyekodolea slaidi za malaria hadi macho yakauma. Wanaingizwa kwenye "wakazi", au kwenye "timu nzima ya nyanjani". Ukisoma makala ishirini unaanza kuiona kanuni ambayo haijaandikwa popote: sisi watu wa taaluma tunakuwa sahihi kwa yule anayeweza kutuadhibu. Mfadhili anaweza kufunga mfereji, na anayetoa kibali anaweza kukifuta. Mkalimani wa Seme, kule vijijini Kisumu, hana la kutufanya.

Wala msomaji hana. Ndiyo maana nusu ya pili ya ukurasa ule, inayohusu pesa na maslahi, nayo hulegea pale ambapo hakuna anayesimamia. Shukrani ni deni kwa aliyesaidia, na tamko la ufadhili ni deni kwa msomaji, hata kama mfadhili mwenyewe angependa kunyamaziwa. Tumezoea kuyafunga haya mawili kamba moja, tukadhani ukishasema asante kwa shirika fulani umeshatangaza. Mtu anaweza kushukuru kwa ukarimu wote na bado akawa ameficha.

Wakenya wanaujua mchezo huu kutoka kwenye harambee. Mheshimiwa anashika kipaza sauti na kusema: huu hapa mchango wangu, laki mbili, na marafiki zangu wameniongezea milioni moja. Kanisa linapiga makofi. Marafiki hao ni nani? Wanauza nini? Wana tenda gani kaunti? Hakuna anayeuliza, kwa sababu kuuliza mbele ya zawadi ni utovu wa adabu. Adabu hiyo ni nzuri ukiwa mgeni kwenye meza ya mtu. Ikihamia kwenye jarida la sayansi inakuwa pazia.

Mfano unaofundisha kuliko yote naujua kutoka Marekani, na ni wa sukari. Mwaka 1967 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha mapitio ya watafiti wa Harvard kuhusu chakula na ugonjwa wa moyo. Kidole kilielekezwa kwa mafuta na kolesteroli. Sukari ikapita kando. Ilibidi kungoja hadi 2016 ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipochapisha yaliyomo katika barua za zamani: chombo cha wafanyabiashara wa sukari, Sugar Research Foundation, kiliwalipa wale mabwana dola 6,500, kikaeleza lengo lililotakiwa, na kikapelekewa rasimu kabla haijachapishwa. Katika makala yenyewe hakuna hata mstari mmoja uliokitaja. Kwa haki yao, kanuni ya jarida lile ya kutaka waandishi watangaze maslahi ya kifedha ilikuja baadaye, 1984. Hawakuvunja sheria iliyokuwepo.

Hilo ndilo linalonikera zaidi. Huenda waliamini kila neno waliloandika. Huenda bila zile dola wangefika palepale. Lakini msomaji wa 1967, daktari mwenye mgonjwa mbele yake, hakupewa nafasi ya kusema: ngoja, hii nitaipima mara mbili. Nafasi hiyo ilizuiliwa kwa karibu miaka 50. Mimi nimekulia upande wa Muhoroni, ambako ada ya shule ilitoka kwenye miwa, na ambako siku hizi kila boma lina mtu anayepima kisukari asubuhi. Kiwanda cha Miwani kilianza 1922, cha kwanza nchini. Habari za pesa ya sukari na sayansi ya sukari si hadithi za mbali kwetu. Siku mtafiti wa hapa atakapoandika kuhusu miwa, bei yake au madhara yake, nataka kujua nani amelipia mafuta ya gari lake.

Nikishasema hivyo huwa kuna mtu anayerukia upande wa pili: kwa hiyo kila utafiti wenye pesa ya kampuni ni uongo. Hapana. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Siaya na Kombewa vikiwemo, kwa watoto 15,459. Aliyelipia, pamoja na shirika la PATH, ni GlaxoSmithKline, mtengenezaji wa chanjo yenyewe. Mwenye duka ndiye aliyelipia mizani. Ila limeandikwa waziwazi kwenye makala, na wanasayansi walioajiriwa na kampuni wakatajwa kuwa wameajiriwa na kampuni. Msomaji alijua pa kukaza macho. Na matokeo yenyewe hayakupakwa mafuta: kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi mitano hadi 17 na kupata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi. Si muujiza, ila palipo na malaria kama ya Homa Bay ni watoto wengi. Kenya ilianza kuitoa huko Homa Bay Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi Oktoba 2021.

Weka kando yake ile makala ya 1998 ya Andrew Wakefield kwenye The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutumia watoto 12. Mwandishi alikuwa amepokea pesa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo, na hakusema. Ilifutwa 2010, uvumi ukiwa umeshazunguka dunia. Wanaoogopa chanjo huniambia nifuate pesa. Nimezifuata: zilizotangazwa zilikuwa za mwenye kiwanda, zilizofichwa zilikuwa za upande wao.

Kuna sentensi moja ninayoiangalia kwa jicho la pembeni hata pale ambapo kila kitu kimetangazwa. Inasema: wafadhili hawakuwa na nafasi yoyote katika kubuni utafiti, kukusanya data, kuzichambua wala kuamua kuzichapisha. Mara nyingi ni kweli tupu. Lakini mfadhili mwenye busara hahitaji kugusa jibu, kwa kuwa alishachagua swali. Nyanza tumehesabiwa mbu, vyandarua na virusi vya UKIMWI kuliko pengine popote katika eneo hili la dunia, na sitaki kudharau hilo. Jaribio la vyandarua la Asembo na Gem, 1996 hadi 1999, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, lilionyesha vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi 11 vikipungua kwa asilimia 23, na kwamba hata nyumba isiyo na chandarua ilipata kinga ikiwa ndani ya mita kama 300 kutoka vijiji vyenye navyo. Ni sayansi iliyookoa watu. Sasa nenda Nakuru, umtazame mtu akicheka. Ile rangi ya kahawia kwenye meno inatokana na floraidi ya maji ya Bonde la Ufa, ambayo mahali pengi inapita kile kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Watu wameishi nayo vizazi na vizazi, wengine ikiwaingia hadi mifupani. Floraidi haiambukizi, haipandi ndege kwenda Ulaya, na mfuko wake ni mwembamba. Hakuna tamko la ufadhili linaloweza kukuonyesha utafiti ambao haukufanyika.

Ila ukiyasoma matamko hayo kwa wingi, yakiwa yamepangwa mwaka hadi mwaka, yanakuonyesha mji unaishi kwa pesa ya nani. Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na watu wa miradi ya afya huku wakarudishwa nyumbani kwa barua ya kurasa mbili, nilisikia kila mahali neno lilelile: hatukutarajia. Sisi tunaosoma herufi ndogo hatukuwa na kisingizio hicho. Karibu kila makala ya afya iliyotoka Kisumu kwa miaka 30 ilikuwa imeandika nani anashika bomba. Jaribio la tohara la Kisumu lililotoka 2007, la vijana 2,784, liliandikwa: Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Taasisi za Utafiti wa Afya za Kanada. Vyandarua, Marekani. Tuliizoea orodha hiyo kama mtu anavyozoea jina la mwenye nyumba kwenye risiti ya kodi, akasahau kwamba nyumba si yake.

Na ndani ya nyumba, nani hukaa wapi?

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi: kuchangia wazo au data kwa uzito, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Lazima uyatimize yote manne. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi, wala kuwa mkuu wa idara. Watu wa aina hiyo mahali pao ni kwenye shukrani. Jaribu kumwambia mkuu wa idara hivyo. Kwenye vyuo vyetu jina la mzee hupanda juu kwenye orodha ya waandishi bila yeye kusoma hata ikisiri, na jina la karani hushuka hadi kwenye "timu ya nyanjani" ingawa bila yeye pasingekuwa na la kuandika. Orodha ya waandishi imegeuka meza kuu ya arusi, na shukrani zimekuwa kule nyuma ya hema kwa wapishi.

Nilikuwa kule nyuma ya hema. Kabla ya kuwa mhariri nilifanya vibarua vya kutafsiri, na mradi mmoja wa afya ya akili ulinipa hojaji ya Kiingereza niilete katika Kidholuo. Neno moja lilitukalisha nusu siku. Kiingereza kilikuwa na neno moja la mfadhaiko. Sisi tulikuwa na mawili yaliyogombea nafasi yake, kuyo na parruok. Tulimwita mama mmoja kutoka Nyahera, mhudumu wa afya wa kijijini, naye akatuamulia bila kuinua macho kwenye chai yake: kuyo ni ya aliyefiwa, parruok ni ya anayedaiwa. Tukatumia parruok. Ninaamini kabisa kwamba neno hilo lilibadilisha alama za wahojiwa, kwa kuwa mjini hapa wanaodaiwa ni wengi kuliko waliofiwa. Makala ilipotoka niliitafuta sehemu yetu. Ilikuwa na maneno sita: hojaji ilitafsiriwa kwa lugha ya wenyeji.

Kiswahili kina jina la ugonjwa huu, nalo liko kwenye sarufi ya shule ya msingi: kauli ya kutendwa. Ilitafsiriwa. Zilikusanywa. Walihojiwa. Mtendaji anadondoka njiani na sentensi inaendelea kutembea. Hata ule mpango wa kutaja kazi ya kila mwandishi, unaoitwa CRediT na kutumiwa na majarida mengi, una majukumu 14, na kutafuta ufadhili ni mojawapo. Kutafsiri hakumo. Tangu 2023 majarida yanataka pia utangaze kama umetumia programu ya akili bandia, na nimehariri rasimu iliyotaja programu hiyo kwa jina na toleo lake kwa utiifu mkubwa, huku watu wanne waliosikiliza kanda za mahojiano na kuziandika neno kwa neno wakiwa hawamo kabisa.

Tamko jingine linalonichekesha kwa uchungu ni lile la "utafiti huu haukupata ufadhili wowote". Huandikwa na wahadhiri na wanafunzi wa uzamifu wa Maseno, Kakamega, Njoro, Bondo, wanaotakiwa kuchapisha kabla ya kuhitimu au kupandishwa cheo. Haukupata ufadhili? Ulilipiwa na sacco. Ulilipiwa na mshahara wa mke, na ng'ombe wa baba mkwe, na kemikali zilizoazimwa kutoka mradi wa jirani jioni maabara ikiwa tupu. Ada ya kuchapisha ilitumwa kwa dola, kwa kiwango cha siku ile. Sisemi tuandike jina la mke kama taasisi, ingawa sioni ubaya wake. Nasema kuna tofauti kati ya "hakuna mfadhili wa nje" na "hakuna aliyelipa", na tukiandika ya pili tunaisaidia serikali kuamini kwamba utafiti wa Kenya huota wenyewe kama magugu maji ziwani.

Siku hizi kabla sijaigusa rasimu ya mtu nampa karatasi yenye mistari ya rula. Jina, kazi, muda. Nani alitafsiri, nani aliendesha gari, nani alifungua milango, nani alilipa, na aliyelipa anauza nini. Wengine huudhika, na profesa mmoja aliniambia nimegeuza sayansi kuwa mchango wa matanga. Wengi, wakishakaa na kalamu dakika kumi, hujaza pande mbili.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamili, aliyefanya utafiti wake Seme kuhusu wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, alijaza vizuri sana. Jina la mkalimani lilikuwa la kwanza. Kanuni za wale wahariri wa tiba zinashauri mtu aombwe ridhaa ya maandishi kabla hajatajwa kwenye shukrani, kwa hiyo nikamtuma akaombe. Alirudi na fomu haijatiwa sahihi. Yule dada alikuwa amefurahi kukumbukwa, akanywa soda, halafu akakataa. Alimwambia: "Wakisoma jina langu watajua nimesikia ya nani."

Tulikaa na hilo kidogo. Kisha tukafuta "tunawashukuru wakalimani wetu", na mahali pake tukaandika: mkalimani mmoja, mwanamke wa Seme, aliyeomba asitajwe jina, mahojiano 41, miezi mitano, ndiye aliyechagua maneno ya Kidholuo ya maswali ya 6, 7 na 12.

Jarida lilirudisha rasimu likiomba mstari huo ufupishwe. Mwanafunzi amewajibu kwamba namba ya ruzuku ni ndefu kuliko huo. Bado tunangoja.